Hati iko tayari, mama hana habari: nyumba zinavyouzwa Kisii na Nyamira

Panda basi Mombasa hadi Kisii, na njiani kote utasoma maandishi yale yale kwenye kuta, mageti na vipande vya mabati: shamba hili haliuzwi. Wengine huongeza: jihadhari na matapeli. Sijui nchi ngapi duniani ambako mtu hulazimika kununua kopo la rangi ili atangaze kwamba hauzi kitu. Kwangu mimi bango hilo ndilo tangazo la kweli kupita yote katika biashara ya ardhi na nyumba Kenya, kwa sababu mara nyingi aliyeliandika keshamkuta mgeni mlangoni na karatasi ya mauzo mkononi. Matangazo ya "inauzwa" ndiyo yanayohitaji miwani.

Mwezi uliopita nilikaa siku tisa katika kaunti za Kisii na Nyamira, nikizunguka na shemeji yangu, mume wa dada yangu. Ni mzaliwa wa Kuze, lakini yuko Kisii mwaka wa tisa sasa, akifanya kazi ya maabara hospitalini. Amechoka kulipa kodi. Ana akiba, nyengine yake na nyengine ya mdogo wake aliyeko Oman, na anataka nyumba. Aliniomba nifuatane naye kwa sababu nina stashahada ya ujenzi ya zamani, ambayo haijanisaidia sana katika uandishi lakini bado inajua kunusa ukuta wenye unyevu. Nimeona niandike, kwani vijana wetu wengi wanafanya kazi bara na Ghuba, na wengi wananunua nyumba kwa njia hii hii.

Kwanza ujue ulipo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii peke yake ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Kilifi yetu, tunayoilalamikia kwa ugomvi wa mashamba, haifiki 120. Milima yote imelimwa hadi kileleni: migomba, chai, parachichi, mahindi, na mikaratusi kila palipobaki. Shamba la babu limegawanywa kwa baba na ndugu zake, likagawanywa tena kwa wajukuu, mpaka limekuwa vipande vya kamba vinavyoteremka bondeni. Mahali kama hapo nyumba nzuri haikosi kusimama juu ya hadithi ndefu. Kazi ya dalali ni kukuonyesha nyumba bila hadithi yake.

Na wanaijua kazi yao. Zamani nyumba iliuzwa kwa mdomo, mtu na mtu, mzee akiwa katikati. Leo ni video ya simu. Mlango unafunguka wenyewe, muziki unapiga, kamera inateleza juu ya tailizi mpaka jikoni, inainuka kwenye dari ya jipsamu yenye taa za buluu, inatoka roshani kutazama milima. Dakika moja na nusu. Vyumba vinaonekana vikubwa maradufu, kwani lenzi pana haina haya. Video haiteremki nyuma ya nyumba, ambako kiwanja kimekatwa ubavuni mwa mlima na udongo mwekundu umezuiwa na mawe yaliyopangwa bila saruji. Haionyeshi njia ya kuingilia siku ya mvua.

Kisha kuna lugha. "Inagusa lami" maana yake kuna kijia cha miguu ambacho hatimaye hufika kwenye lami. "Maji yapo" maana yake tangi lipo. Hili la maji lilinishangaza, kwani huko mvua hunyesha karibu kila alasiri, na bado mfereji wa mjini hukauka siku kadhaa. Mnunuzi wa Kisii aliye macho haangalii bomba. Anaangalia mifereji ya paa na ukubwa wa tangi. Sisi pwani huuliza kama maji ya kisima ni matamu au ya chumvi, kama upepo unaingia, kama chumvi imekula nondo. Kila mahali na hofu yake.

Rangi ndiyo ya kuchekesha. Nyumba nyingi zina mshipi mweusi au wa hudhurungi chini ya ukuta, futi mbili hivi kutoka ardhini. Ni mapambo, na ni busara pia, kwa sababu matone ya mvua hurusha udongo mwekundu ukutani. Lakini mshipi huo ukiwa mpya na ukuta wa juu ukiwa wa zamani, jiulize kilichofichwa ni matope au ni unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi. Nilipapasa mishipi mitatu. Miwili ilikuwa imeloa.

Dalali mmoja alikuwa akimwita shemeji "Alhaji", ingawa Makka hajafika bado. Alituona tukiingia chooni na simu ya dira, tunazungukazunguka, akadhani tunapima chumba. Ilibidi tumweleze habari ya kibla. Ukiwa Mombasa kibla ni kaskazini moja kwa moja, lakini Kisii kinaegemea kidogo mashariki, na shemeji hataki choo kinachoelekea huko. Akatikisa kichwa, akasema kwa upole kwamba wateja wake wengine huulizia upana wa geti, lori lipite.

Ni nani hasa anayelengwa na video hizi? Si Mgusii aliyeko nyumbani. Huyo hanunui nyumba, anajenga, kidogo kidogo, tofali leo na mabati mwakani. Wanaonunua iliyo tayari ni walioko mbali: wauguzi na madereva walioko Minnesota, ambako jamii ya Wagusii ni kubwa, watu wa Nairobi, na sasa watu kama mdogo wake shemeji. Mikopo ya nyumba ya benki Kenya nzima ni yapata 30,000 tu, kwa hiyo nyumba hizi hununuliwa kwa fedha taslimu. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5. Muuzaji anamtengenezea nyumba mtu atakayeitazama kwenye kioo cha simu saa sita za usiku, amechoka, na ana uchungu wa kukosa kwao. Mtu huyo hawezi kutia kidole ukutani wala kuzunguka uani.

Nyumba ya pili tuliyoonyeshwa ilikuwa kando ya njia ya kuelekea Nyamira. Vyumba vitatu, mabati ya rangi, milango ya mbao nzito, sebule inayong'aa. Bei milioni 6 na laki 5, na "hati iko tayari". Tulikuwa tumeshalipa shilingi elfu moja ya kuonyeshwa, ada ambayo siku hizi madalali wengi hutoza kila nyumba. Alituingiza mlango wa mbele, akatuzungusha, akataka kututoa kwa mlango ule ule. Shemeji akaomba kuona uani. Akaambiwa uani hakuna kitu.

Uani kulikuwa na jiko la udongo linalofuka moshi, na bibi mmoja juu ya kigoda akichambua chinsaga, mboga tunayoiita sisi mgagani. Nyuma ya jiko kulikuwa na makaburi mawili, moja limesakafiwa. Bibi akauliza hawa ni wageni wa nani. Dalali akamjibu kwa Kigusii, haraka haraka, huku akicheka.

Asilolijua ni kwamba miaka tisa ya kuwatoa watu damu hospitalini humfundisha mtu lugha. Dalali alimwambia kwamba sisi ni marafiki wa mwanawe, tumepita kumjulia hali kutoka Nairobi.

"Bwakire buya, magokoro," shemeji akamwamkia, yaani amemwita nyanya. Bibi akafurahi, akatuletea viti, chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha. Tukaketi. Kwa mazungumzo ya kawaida tu, bila kumhoji, tukajua yote. Kaburi lile ni la mumewe, aliyefariki 2011. Shamba ni la mume. Hati iko kwa jina la mume na haijaguswa. Nyumba ya mbele kaijenga mwanawe mdogo kwa pesa yake mwenyewe, na bibi anamwombea dua kila siku kwa kumjengea mahali pa kuzeekea. Watoto wake wako watano.

Tulikunywa chai yake, tukaondoka bila kutaja bei. Njiani shemeji hakuzungumza na dalali. Siku ya pili alirudi peke yake kwa mzee wa kijiji, akamweleza alichoonyeshwa na nani, akamwachia yeye namna ya kumwambia bibi.

Nimelifikiria sana jambo hili, na simwoni yule kijana kuwa mwizi wa kawaida. Kuta ni zake kweli. Jasho lake limo ndani ya kila tofali. Huenda amekwama na deni, huenda mtoto mgonjwa, Mungu ndiye ajuaye. Lakini kuta zake zimesimama juu ya ardhi ya marehemu, na sheria ya Kenya haimruhusu mtu kuuza shamba la marehemu mpaka mahakama itoe hati ya kusimamia mirathi na kuithibitisha, warithi wakiwa wanajulikana wote. Kabla ya hapo, anayeuza na anayenunua wote wanachezea mali ya watu, na hilo ni kosa la jinai. Dalali aliposema hati iko tayari hakusema uongo. Hati ipo, kabatini kwa bibi. Ni ya maiti.

Hapo ndipo palipo na tofauti baina yetu na wao, na ndipo mtu wa pwani huteleza. Sisi tumezoea kutenganisha nyumba na ardhi. Majengo, Kisauni, Likoni, mtu ana nyumba yake halali, ardhi ni ya mwengine, na kila mwezi analipa kodi ya ardhi. Usajili wa ardhi ulioanza pwani chini ya sheria ya mwaka 1908 uliwaacha wengi juu ya ardhi isiyo na jina lao, na sisi tukaifanya hali hiyo kuwa soko. Nyumba bila ardhi inauzwa, bei yake inakuwa ya chini, na kila mtu anajua anachonunua. Ni dhulma ya zamani, lakini haifichwi. Kwa hiyo mtu wetu anapoona nyumba nzuri Kisii, jicho lake linakwenda kwenye nyumba. Huko nyumba si kitu bila ardhi, na ardhi si kitu bila watu waliozikwa na wanaoishi juu yake. Mgusii ana neno esaiga kwa kijumba cha kijana ambaye hajaoa, na ana omochie, nyumbani, penye mama, ng'ombe na makaburi. Mtu anaweza kuacha esaiga. Omochie haiuzwi na mtu mmoja.

Sheria yenyewe imefuata mkondo huo huo. Ardhi ya kilimo, na sehemu kubwa ya kaunti hizi mbili nje ya miji ni ya kilimo, haiuzwi bila idhini ya bodi ya usimamizi wa ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila idhini, mauzo ni batili kisheria. Mahakama ya Rufani mwaka 2018 ilifungua mlango kidogo, ikasema haki inaweza kumlinda mnunuzi aliyelipa na kukabidhiwa shamba hata kama bodi haikukaa, lakini mlango huo ni wa kesi ya miaka, na sitamshauri mtu aupite kwa kupenda. Bodini muuzaji hufika na mkewe, na mara nyingi huulizwa watoto wakubwa wako wapi. Sheria ya mali ya ndoa ya 2013 nayo inataka mwenzi wa ndoa aridhie kabla ya nyumba ya ndoa kuuzwa. Watu wetu huona haya yote ni usumbufu wa serikali. Mimi nilipoona ule moshi wa jikoni nikayaona kwa jicho jengine.

Wasomaji wenye elimu ya dini watakumbuka shufaa, haki ya mshirika kutangulizwa kabla hisa ya mwenziwe kuuzwa kwa mgeni. Sisi Mashafii tunaipa kwa mshirika wa mali isiyogawanywa tu, Mahanafi wameifikisha hadi kwa jirani. Wazee wa Kigusii tuliozungumza nao wana desturi yao inayofanana na hiyo: ndugu waulizwe kwanza, kisha ukoo, mgeni awe wa mwisho. Mtu wa pwani hana sababu ya kuishangaa. Ila asidhani likiharibika atamkimbilia Kadhi. Katiba, kifungu cha 170, inamwachia Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Ugomvi wa kununua shamba utaupeleka Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na huko foleni ni ndefu.

Ndani ya miji hadithi ni nyengine. Ukinunua fleti mjini Kisii, magorofa yanayopanda mlimani moja juu ya jengine, makaburi hayatakusumbua. Hapo uliza nani alichora, nani alisimamia, na kama kaunti imetoa cheti cha kukalia jengo. Huruma, Nairobi, Aprili 2016, jengo lilianguka likaua karibu watu 50, na lilikuwa na wapangaji na mapazia kama majengo mengine. Sheria ya 2020 inampa mwenye fleti hati yake mwenyewe. Kama muuzaji anakwambia utapata "hisa kwenye kampuni ya jengo", muulize kwa nini hajabadilisha mpaka leo.

Serikali nayo inauza nyumba. Kila mwajiriwa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa nyumba za bei nafuu tangu sheria ya Machi 2024, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Picha zake ni za kuvutia: watoto wanacheza, miti ya kijani, anga ya buluu. Nilimuuliza mwalimu mmoja wa Keroka anaonaje. Akaniambia analipa kila mwezi nyumba ambayo mamake hawezi kufuga kuku ndani yake. Sikubaliani naye moja kwa moja, kwani ardhi ya Gusii haitoshi kila mtoto kupewa kipande, na kujenga kwenda juu hakuepukiki. Lakini anayepanga nyumba hizo Nairobi na asiulize kuku ni wa wapi, atajenga vyumba vya kupangisha na kuviita makazi.

Lawama yangu kubwa ni kwa soko lenyewe. Kenya ina sheria ya mawakala wa nyumba, sura ya 533, inayomkataza mtu kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa na bodi yake. Katika madalali sita tuliokutana nao, tulipouliza namba ya usajili, mmoja tu alijua tunazungumzia nini. Watano walidhani tunataka namba ya simu. Watu hawa wanaaminiwa na akiba ya maisha ya mtu, ilhali mwenye bodaboda aliyetubeba alikuwa na leseni na koti la kung'aa. Kama kaunti zinaweza kutoza ada bango la duka, zinaweza kudai kila tangazo la nyumba liwe na namba ya kiwanja na jina lililoko kwenye sajili. Kwa vitu hivyo viwili mnunuzi aliyeko Maskati anaweza kumtuma mtu afanye upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi, na akajua kabla ya kupenda taa za buluu.

Waislamu tunakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono kwenye lundo la nafaka, vidole vikakuta chini kumeloa. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa mbona hakuiweka juu ile iliyoloa, watu waione. Nilikikumbuka kisa hicho kwenye nyumba ya nne.

Ilikuwa upande wa Suneka, na hatukuletwa na video. Mwuguzi mwenzake shemeji ndiye aliyesikia. Nyumba mbaya kwa sura: rangi ya kijani iliyochujuka, madirisha ya chuma, hakuna dari chumba kimoja. Muuzaji ni mwalimu mstaafu anayehamia kwa mwanawe Nakuru. Tulipofika mvua ilikuwa inanyesha, na katikati ya sebule kulikuwa na sufuria, tone, tone, tone. Mkewe hakuiondoa. Alituonyesha kwa kidole bati lenye tundu, akasema hilo na la jikoni, na ufa ulioko nyuma ya kabati, akalisogeza kabati mwenyewe tukauone. Nikauchunguza. Ni ufa wa lipu, haushuki kwenye msingi. Kisha mzee akatoa bahasha: hati kwa jina lake, ramani, risiti za kodi ya ardhi. Kiwanja alikinunua 1994, si cha urithi. Wanawe wawili walikuwa njiani, akataka tuwangoje ili tuzungumze wote.

Shemeji alipunguziwa bei ya mabati. Upekuzi umefanywa na hati imekutwa safi. Asilimia kumi imelipwa, nayo iko kwa wakili wala haijaingia mfukoni mwa muuzaji, mpaka bodi ikae. Kikao kimeahirishwa mara moja kwa sababu mwenyekiti alikuwa safarini. Mdogo wake anapiga simu kutoka Oman kila Ijumaa kuuliza mbona hajatumiwa video.